Zamu ya Makumbi

Asubuhi ya nne Rugiyya alitoka na fagio lake la chelewa, akaukuta uwanja umeshafagiwa.

Si upepo. Upepo hauchori mistari. Mchanga ulikuwa na mikwaruzo ya fagio imelazwa upande mmoja, mfuo kwa mfuo, kuanzia kizingitini mpaka kwenye vichaka vya mikadi, na majani makavu yamekusanywa fungu moja, vile anavyofagia mwanamke aliyelelewa na mama mkali. Nyayo hazikuwepo. Na kisiwa chote cha Keyohera, ncha hii mpaka ncha ile, hakikuwa na binadamu mwingine ila yeye.

Mtu mwingine angepiga kelele. Mimi ningekuwa nimeshafika majini na nguo zangu zote. Lakini Rugiyya alikuwa na miaka sitini na moja, na kila siku aliyojaliwa tangu utoto aliamka kabla ya jua akafagia, na katika miaka yote hiyo hajatokea mtu, hata kwa bahati mbaya, akamfagilia yeye. Akasimama pale na fagio mkononi. Kilichomjia kwanza hakikuwa woga, kilikuwa raha, tena raha ya aibu aibu. Na kwa mazoea tu, mdomo ukitangulia akili, akasema kwa sauti:

"Yako lini, dada?"

Hapo ndipo alipokosea. Na huwezi kulijua kosa lenyewe mpaka uijue kazi ya makumbi.

Kwao Fumadhu, kisiwa cha pili kutoka hapo, wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye matope ya ufukweni, kila mmoja na shimo lake, mawe juu yasichukuliwe na maji. Miezi inapita. Yakishaoza huchimbuliwa, na harufu yake, jamani, ukiivaa siku hiyo hata mumeo analala barazani. Kisha yanapondwa kwa gongo juu ya gogo mpaka ubaki usumba mtupu wa kusokota kamba. Kazi hiyo haina mtu wa kuifanya peke yake. Leo kwako, kesho kwangu. Na ahsante haisemwi, ahsante ni ya wageni. Mwenye shimo humuuliza aliyemsaidia, "Yako lini?" na mwenzake anataja siku, na siku hiyo uwe na homa, uwe na msiba, utakwenda, au huna uso tena pale ufukweni. Jua likishuka mwenye shimo husema, "Haya, kapumzike." Kabla hujaambiwa hivyo huweki gongo chini. Mama yake Rugiyya aliwahi kuponda mpaka isha kwa sababu mwenye shimo alishikwa na uchungu wa kuzaa akakimbizwa nyumbani, na katikati ya kilio chake ilibidi mtu atumwe mbio alete neno: jamani, kasema mkapumzike. Walilicheka jambo hilo miaka.

Basi ndilo neno alilolitamka Rugiyya, kwenye uwanja mtupu, kwa fagio lisilo na mwenyewe.

Alikuja Keyohera kupumzika. Mumewe, Waheedu, alikuwa amefariki baada ya miaka sita ya kupooza. Kabla ya Waheedu alikuwa mama mkwe, miaka mitano kitandani. Kabla ya mama mkwe, kujifungua, kuzika mmoja, kulea wa pili, na katikati ya yote hayo jiko la madrasa na masufuria yake ya kuingia mtu mzima. Eda ilipokwisha, mwanawe Shifaz akapiga simu kutoka mji mkuu, Male. Mkewe Nazla alikuwa amejifungua pacha.

"Mama, sasa huna kinachokushikilia huko. Njoo."

"Nitakuja. Nataka mwezi mmoja kwanza, nikae kwenye kibanda cha marehemu, Keyohera."

"Ukafanye nini?"

"Nikae."

"Ukae tu?"

"Nikae tu, mwanangu."

Akasikia wanacheka upande wa pili, si kwa ubaya. Nazla akasema, "Mama naye anataka likizo!" wakacheka tena. Lakini mwezi wakampa.

Kwa hiyo kila siku aliburura kiti chake cha kamba mpaka ukingoni mwa maji akakaa, miguu mchangani, akitazama maji yakipwa na kujaa. Mawazo yalikuja taratibu. Siku ya pili alijaribu kukumbuka chakula anachokipenda. Akakumbuka cha Waheedu, cha mama mkwe, cha Shifaz alipokuwa mdogo na cha Shifaz sasa. Chake hakikuja. Hakulia, alishangaa tu, kama mtu aliyepapasa mfuko akakuta umetoboka zamani. Alifikiri pia juu ya yale maneno ya mwisho watu wanayosema wakifa kwenye hadithi. Mama mkwe wake, la mwisho alilomwambia lilikuwa, "Maji haya ya moto mno." Na Waheedu aliuliza kama jiko limezimwa.

Siku ya tano uwanja ulifagiwa tena. Siku ya sita mtungi wake ulijazwa maji ya kisima, umefunikwa kwa kifuu safi. Siku ya saba alikuta kuni zimepasuliwa.

Aliogopa? Kidogo. Alisoma Ayatul Kursi asubuhi na jioni, akapulizia kila pembe. Lakini hakumwambia shemeji yake Jaufaru alipokuja na mashua siku ya nane kumletea unga na jodari mkavu, na hicho kimya chake ndicho kinachonisikitisha mimi. Jaufaru, mdogo wake marehemu, ni mtu wa maneno. Alishuka, akatazama mistari ya fagio, akapiga mluzi.

"Shemeji! Umekuja kupumzika au umekuja kushindana na mke wangu? Uwanja msafi hivi nani atakanyaga?"

"Pita pembeni."

"Au umepata mchumba huku? Sema tu. Nani, kaa?"

"Kaa ana mikono miwili anaitumia," Rugiyya akamjibu. "Kaka yako alikuwa nayo na hakuwahi kushika fagio."

Jaufaru akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanusa hewa, kicheko kikakatika. "Mbona panatoka harufu ya makumbi? Nani kachimbua?"

"Maji yamekupwa. Ni matope."

"Hapana, haya ni makumbi. Na hapa hapajafukiwa kumbi tangu enzi za bibi zetu. Kule ncha ya magharibi ndiko walikokuwa na mashimo, wakayaacha."

"Kwa nini?"

"Sijui. Wanawake walikataa kwenda." Akapandisha mabega. "Shemeji, ukitaka turudi leo, turudi."

Rugiyya akatazama kuni zake zilizopasuliwa, mtungi wake uliojaa. "Njoo siku yako," akasema. "Sijachoka kukaa."

Hakumwambia kwamba usiku ule uliopita alilala usingizi wa kitoto, moja kwa moja, hakuamka kumgeuza mtu wala kumpa mtu maji.

Siku ya kumi, jua linazama, alikuwa anachukua wudhuu kando ya kisima. Harufu ikaja nzito, ya kuoza na chumvi, ikamkaa kooni. Nyuma ya mikadi majani yakasugua kitu kilichopita. Na sauti ikasema, sauti ya mwanamke wa makamo, imechoka, haina ubaya wowote ndani yake:

"Yangu kesho, dada."

Kopo likamponyoka. Aliingia ndani, akafunga mlango, akasali, rakaa asizijue. Alijiambia atakaa humo na mlango wake mpaka Jaufaru aje. Na angekaa, nakwambieni, kama ingekuwa woga peke yake. Lakini kulipokucha, maji yakaanza kupwa, na kutoka ncha ya magharibi ukaja mlio, du, du, du, gongo juu ya gogo, mtu mmoja anaponda kazi ya watu wawili. Woga ulimwambia asiende. Adabu ikamwambia, siku saba umefanyiwa, leo zamu yake unajifungia? Mama yako angekuitaje? Saa sita mchana, jua la utosi, hakuna hata kivuli cha kujificha, Rugiyya alifungua mlango mwenyewe akaenda. Hakuburutwa na mtu. Bi Sanfa, mganga wa Fumadhu, alimuuliza baadaye mara tatu na jibu lilikuwa hilo hilo: nilikwenda kwa miguu yangu.

Shimo lilikuwa limefunguliwa, mawe yamepangwa kando. Mwanamke alikaa upande wa pili wa gogo, ametandaza mtandio usoni, mikono tu inaonekana. Mikono ilikuwa myeupe na imekunjana kama ya aliyefua wiki nzima, na vidoleni kucha hazikuwepo. Gongo la pili lilikuwa limewekwa tayari, mpini umeelekezwa kwake.

Rugiyya akasema bismillahi. Mtandio ukatikisika kidogo, lakini mikono haikusita. Akakaa. Akaponda.

Na kazi ilikuwa kazi, kumbi linapondwa, linageuzwa, linasuuzwa, lingine, na kwa muda mikono yake ikakumbuka usichana, hata akaanza kudhani mambo si mabaya kiasi hicho, mpaka alipouvuta usumba wa kumbi la kumi akaona ni mweusi, laini, mrefu kuliko nyuzi za nazi yoyote aliyowahi kuiona, akaupitisha vidoleni na vidole vikamwambia kabla ya macho kwamba hizi ni nywele, nywele za mwanamke, zimefungwa bado kwa utepe wa kitambaa, na chini yake zingine, za mvi, na chini yake zingine.

"Dada," akanong'ona. "Wamekuja wangapi kabla yangu?"

"Wengi." Du. "Kila anayeniuliza yangu lini, huja. Mna adabu nyinyi." Du. "Lakini wa kuniambia mimi nikapumzike hajaja hata mmoja. Mtu anafanyiwa, anafurahi, ananyamaza. Wewe siku saba hukuniambia."

Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomuuma Rugiyya kuliko nywele. Alikuwa ameuliza zamu, lakini neno la pili hakulitoa, kwa sababu hakutaka uwanja uache kufagiwa.

"Basi kapumzike," akasema upesi. "Nakwambia sasa, dada, kapumzike!"

"Leo shimo ni langu," ile sauti ikasema kwa upole. "Leo wa kusema ni mimi."

Jua likashuka, likagusa maji, likazama. Rugiyya mikono ilikuwa imechubuka, mgongo hauinuki, mate yamekauka, akasubiri lile neno kama aliyefunga saumu anavyosubiri adhana, na neno halikuja, akasema dada jua limezama, akajibiwa nimeona, na gongo halikusimama, du, du, na lake yeye pia halikusimama, maana alipotaka kuliweka chini vidole havikufunguka, na maji yakaanza kurudi, yakafika vifundoni, yakafika magotini, na wanawake wawili wakaendelea kuponda wakiwa wamekaa ndani ya maji, mmoja analia, mwingine hana habari.

Jaufaru hakungoja siku yake. Ile harufu ilimkosesha usingizi, ndivyo alivyosema. Alifika kulipokucha akamkuta shemeji yake peke yake, yuko majini mpaka kifuani, anaponda maji kwa jiwe.

Bi Sanfa wa Fumadhu alikuwa anakoroga sufuria la mchuzi wa jodari uwe mzito alipoletewa mgonjwa, na hakuacha kukoroga. Ni mwanamke mnene, mganga kwa baba na babu, popoo haimtoki shavuni. Alisoma huku anakoroga. Alipomaliza kusoma alimfungua Rugiyya vidole kimoja kimoja, jiwe likaanguka.

"Ulimwambia nani 'yako lini', wewe?"

"Sijui. Nilikuta pamefagiwa."

"Pamefagiwa! Kisiwa hakina mtu, pamefagiwa, na wewe unapanga zamu!" Akatema popoo. Kisha akaitazama mikono ile na sauti ikamshuka. "Ulifurahi, eeh?"

"Nilifurahi, Bi Sanfa."

"Ningefurahi na mimi." Akachukua uzi mweusi, akaanza kupiga mafundo huku midomo inasoma, akamfunga mkononi. "Sikiliza. Kumfukuza siwezi, hakuja kwa hila. Mlipatana. Kazi yake umefanya, lakini hujaachiliwa, na mtu ambaye hajaachiliwa bado ni wa shimo. Haya ni mafundo arobaini. Kila magharibi fungua moja. Mpaka la mwisho hakusogelei."

"Na baada ya la mwisho?"

"Kabla halijafika, uwe umeambiwa lile neno. Si lazima aseme yeye. Mtu yeyote unayemfanyia kazi akikwambia kapumzike, kazi yako yote duniani imeachiliwa, na ya shimo nayo."

Jaufaru akaruka. "Sasa si hilo tu? Shemeji, kapumzike!"

"Wewe amekufanyia kazi gani, domo?" Bi Sanfa akamkata. "Aseme anayefanyiwa. Tena aseme kwa moyo wake. Ukimuomba, Rugiyya, neno linakuwa lako, si lake. Na wewe Jaufaru ukimdokeza, linakuwa lako. Halitafaa kitu." Akamgeukia mgonjwa. "Una mtu?"

"Nina mwana. Nakwenda kumlelea watoto."

"Anakupenda?"

"Ananipenda."

"Alhamdulillahi. Basi umepona. Neno lenyewe moja." Akarudia sufuria lake, kisha akasema bila kugeuka, "Usimfungulie mtu mlango jua likizama siku ya mwisho. Yule naye ana anachokitafuta."

"Anatafuta nini?"

"Hicho hicho unachokitafuta wewe."

Gorofa ya Shifaz ilikuwa ya sita, vyumba viwili, madirisha yanatazamana na ukuta wa jirani. Shifaz alimpokea mama yake bandarini, akambusu mikono, hakuuliza habari ya bandeji za mikononi, au aliuliza na akaridhika na jibu. Si mtoto mbaya. Naomba tuelewane hapo. Nazla naye si mkwe mbaya, alimtengea godoro jipya. Ila pacha hawakulala, Nazla alirudi kazini, Shifaz alikuwa na zamu mbili, na Rugiyya aliamka kabla ya jua akashika fagio, kwa sababu lilikuwepo.

Kila magharibi alifungua fundo. Mafundo kumi yakaisha, akasema bado mapema. Siku ya kumi na tatu Nazla alimkuta jikoni, akamshika bega.

"Mama, hebu kaa kidogo..."

Rugiyya akaweka mwiko chini.

"...umshike huyu, nimwogeshe mwenzake."

Akakaa, akamshika.

Siku ya ishirini na sita Shifaz alisimama mlangoni mwa jiko, akamtazama muda. "Mama, umechoka?"

"Kidogo." Alishika ukingo wa sinki. Nusura amwambie. Alilibana neno kwa meno, kwa sababu akilitoa yeye limeharibika.

"Pole, mama," Shifaz akasema, akachukua maji kwenye friji, akaenda zake. Pole ni neno zuri. Watu wengi wameishi kwa pole. Lakini silo.

Siku ya thelathini harufu ikaanza. Jirani wa chini akapanda kulalamika kwamba bomba la choo limepasuka. Fundi akaja, akaona bomba ni zima. Siku ya thelathini na nne, alfajiri, ngazi zote za jengo, kuanzia chini mpaka gorofa ya sita, zilikutwa zimefagiwa, na watu wakashukuriana wao kwa wao, kila mmoja akidhani ni mwenzake. Siku ya thelathini na saba ukaanza mlio, du, du, du, kutoka chini kabisa, kwenye tangi la maji.

"Hawa watu wa chini wanajenga nini?" Shifaz akauliza akiwa na simu yake mkononi.

Rugiyya aliketi na wajukuu wawili mapajani, akawaza kwamba katika umri wake wote hajawahi kutaka kitu kwa nguvu namna hii, na kitu chenyewe ni neno moja, na wenyewe wako hapo, hatua nne kutoka kwake, wana midomo yao, wana mapenzi yao, na hakuna njia ya kuwafikia. Je, yeye mwenyewe alimwambia nani? Alimwambia mama yake? Alimkumbuka mama yake, mgongo umekunjika kama kulabu, anafagia kabla ya jua, na yeye binti amelala anasikiliza fagio kama watu wanavyosikiliza mvua. Hakumwambia. Haikumpitia akilini.

Siku ya arobaini jua lilizama na watoto wote wawili wanalia. Nazla alikuwa chumbani. Shifaz mezani. Rugiyya alikuwa jikoni, ameweka maziwa motoni, na fundo la mwisho lilifunguka lenyewe, uzi ukaanguka kwenye povu la vyombo.

Mlio chini ukanyamaza.

Kisha nyayo kwenye ngazi, za mtu mwenye miguu ya maji, gorofa ya pili, ya tatu, haziharakishi, zinapumzika kidogo kila kona kama anavyopumzika mwanamke wa makamo mwenye mzigo, na harufu ikatangulia ikaingia chini ya mlango, na nyayo zikafika, zikasimama, na mlango ukagongwa, taratibu, mara tatu.

"Mama, mlango," Shifaz akasema, macho kwenye simu.

Alijua. Wallahi alijua ni nani, na onyo la Bi Sanfa lilikuwa masikioni mwake. Akasimama palepale jikoni.

Ukagongwa tena.

"Mama! Mlango!"

Nazla akaita kutoka chumbani, "Mama, hawa watalala vipi na kelele hizo!"

Katika nyumba ile wa kufungua mlango alikuwa mmoja. Miguu ilishazoea. Rugiyya akafuta mikono kwenye nguo yake, akaenda, akafungua.

Mwanamke alikuwa ameondoa mtandio. Uso ulikuwa wa Rugiyya, na ile mikunjo miwili ya kando ya mdomo, na kidonda kidogo cha mafuta ya moto alichokipata juzi shavuni. Bandeji pia alikuwa nazo. Hakuwa na hasira. Alimtazama kwa huruma kabisa, kama wanavyotazamana wanawake wanaokutana njiani, mmoja anakwenda shimoni na mwingine anatoka.

"Nimechoka, dada," akanong'ona. "Nipishe."

Akampita mlangoni, baridi, amelowa, akaingia. Rugiyya akajikuta yuko nje kwenye ngazi, na mlango ukafungwa nyuma yake bila kishindo.

Alipiga ubao kwa viganja, havikutoa sauti. Alipiga kelele, "Shifaz!" na kinywa kikajaa ladha ya chumvi. Lakini ya ndani aliyasikia yote, neno kwa neno. Alisikia maziwa yakiipuliwa kabla hayajamwagika. Alisikia sahani zikisuuzwa. Alisikia kiti kikisogezwa, na mwanawe akitembea mpaka jikoni. Kwa nini dakika ile na si jana, si juzi, mimi sijui, na nadhani hata yeye hajui.

"Mama," Shifaz akasema, na sauti ilikuwa ile ya utotoni mwake. "Tangu alfajiri umesimama. Hebu niachie hivyo vyombo."

Sahani zikaacha kusuuzwa.

"Haya, mama. Kapumzike."

Na ndani, kwa sauti ya Rugiyya, mtu akavuta pumzi ndefu, ndefu kuliko pumzi ya binadamu, pumzi ya aliyengoja miaka isiyohesabika, akajibu, "Ahsante, mwanangu."

Godoro likalia. Watoto wakanyamaza wote wawili kwa pamoja.

Rugiyya aliegemeza paji la uso kwenye ubao wa mlango. Chini ya miguu yake saruji ilikuwa imeshakuwa mchanga, wenye maji, unaodidimia. Kando yake palikuwa na gogo, na gongo limewekwa tayari, mpini umeelekezwa kwake. Alisimama kidogo, angalau hicho kidogo. Kisha akakaa, akachukua kumbi la kwanza.